Kifuniko Kimoja cha Usingizi

Mukuru kwa Reuben, Nairobi
18 Januari 2025

Mpendwa Shangazi Perez,

Kabla sijakusalimu nataka kukuambia jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote: naogopa watoto wakinyamaza. Wakilia, hata wote kumi na saba kwa pamoja, ninaweza kusoma kitabu changu bila shida. Wakinyamaza siwezi kusoma hata mstari mmoja. Naweka kitabu chini, naenda kuinama juu ya godoro na kuangalia vifua vyao. Nimeliandika hilo kwanza kwa sababu najijua, nikianza na salamu sitalifikia.

Sasa salamu. Sisi tuko salama. Mdogo wangu Odera ameng'oka meno mawili ya mbele na shuleni anaziba mdomo kwa mkono akicheka. Mimi nimeingia Kidato cha Tatu. Mama hajambo, ila miguu inamvimba kwa kusimama. Kama unavyojua, tangu Baba afariki Mama analea watoto wa akina mama wanaofanya vibarua viwandani. Wanawaleta kabla ya saa kumi na mbili asubuhi na kuwachukua jioni. Chumba ni kile kile cha mabati, lakini tumeongeza godoro la pili. Mimi ninamsaidia Jumamosi na wakati wa likizo.

Ninaandika kuomba msaada. Mwalimu Muthama, anayetufundisha kemia, ametaka kila mmoja wetu achague mada ya kongamano la sayansi, nami nimechagua dawa zinazoleta usingizi. Nina kitabu cha zamani cha wauguzi lakini kurasa za majedwali zimechanwa. Wewe umekuwa muuguzi miaka mingi, kwa hivyo nisaidie kulinganisha tatu: ile dawa ya maji ya mafua ambayo kila mtu huiita piritoni, promethazini ya kuzuia kutapika, na vidonge vya diazepamu. Ipi huleta usingizi mzito zaidi? Ipi ina hatari ndogo, tuseme kwa mtu mwenye mwili mdogo? Uniandikie na vipimo.

Tafadhali usipige simu. Simu ya nyumbani ni ya Mama. Mpe jibu Mama Eve, jirani yetu anayekuja huko ziwani kununua omena.

Ni mimi,
Awuor

*

Siaya
9 Februari 2025

Mwanangu Awuor,

Barua yako imefika ikinuka omena hadi paka wa zahanati akapanda mezani kuisoma. Nimefurahi sana. Siku hizi anayeniandikia ni wizara tu, na wao hawaulizi kama nimeamka vipi. Mimi mzima. Mvua imekataa, ng'ombe mwekundu amezaa, goti langu bado linanikumbusha kila asubuhi kwamba mimi si msichana.

Haya, mwanasayansi. Piritoni ni ya mafua na kuwashwa. Usingizi si kazi yake, ni kasoro yake. Mtu mzima akiinywa anasinzia mchana kutwa. Mtoto mmoja anasinzia, mwenzake anafanya kinyume kabisa, hatulii, anarukaruka mpaka mama yake analia naye. Ikizidi, kinywa kinakauka, moyo unakwenda mbio, na degedege inaweza kufuata.

Promethazini ni ndugu yake, ila ni nzito kuliko yeye. Watu wetu huwanywesha watoto wakiwa ndani ya basi la kuja nyumbani Krismasi ili abiria wengine wasinune. Ukiona basi zima limetulia kutoka Nakuru hadi Kisumu, jua ni hiyo. Lakini mtoto ambaye hajafikisha miaka miwili hapaswi kupewa hata tone, kwa sababu inaweza kumsahaulisha kupumua.

Diazepamu ni ya ukoo mwingine. Hapa kwetu inakaa kwenye kabati lenye kufuli. Inasaidia mtu mwenye degedege, lakini mwili huizoea, kesho unadai zaidi, na anayeiacha ghafla baada ya kuizoea anaweza kutetemeka hata kuanguka. Kwa mtoto mchanga inachelewa kutoka mwilini, ya leo inaikuta ya jana.

Pigia mstari hili: dawa hizi hazihesabiwi kila moja peke yake. Mtu akinywa kidogo hiki na kidogo kile, usingizi unaomwangukia ni mmoja.

Vipimo sitaandika. Na swali la ipi ina hatari ndogo huulizwa na mtu anayetaka kuchagua. Wewe unachagua nini? Huo mwili mdogo ni mdogo kiasi gani?

Msalimie Odera. Mwambie meno hurudi.

Shangazi yako,
Perez

*

Mukuru kwa Reuben
2 Machi 2025

Mpendwa Shangazi,

Asante kwa barua. Natumaini goti limepata nafuu. Odera ameuliza kama ndama amepewa jina, na kama hajapewa aitwe Simba. Nimemwambia simba na ng'ombe hawapatani, akasema ndiyo maana.

Nimenakili maelezo yako yote kwenye daftari. Mwalimu Muthama ameyasoma akasema, "Awuor, hii kazi ni safi, lakini mbona unaandika kama mtu anayeogopa?" Nilifunga daftari nikarudi kwenye kiti changu. Unajua mimi darasani huwa sijibu.

Huku kazi imeongezeka. Viwanda vimeanza kufanya kazi Jumapili pia, na watoto sasa ni kumi na tisa. Mama hawezi kumkataa mtu. Wiki jana alikuja dada mmoja, Lela, amehamia hapa kutoka Majengo. Mtoto wake ni Aqil, ana mwaka mmoja na miezi minne. Mama alimwambia nafasi hakuna. Lela akamwambia, "Mama Awuor, wallahi huyu wangu hata hutamsikia. Ni mpole kama paka." Aqil akapiga kelele papo hapo, sote tukacheka, na Mama akampokea. Lakini mwenye nyumba hacheki. Alisimama mlangoni akasema, "Mama, nikisikia hii kelele tena, utabeba hawa watu wako wote mtafute kwingine."

Nina maswali mengine ya mradi. Mtu aliyelala kwa dawa utamtofautishaje na mtu aliyelala tu? Pia, dawa ya maji ikiongezwa maji, nguvu yake inapungua, sivyo? Hivyo ndivyo tulivyofundishwa.

Nimeona jambo kwenye barua yako, Shangazi. Ulimsalimia Odera, ukamtaja na paka. Mama hukumtaja. Nami sikumwambia kwamba hukumtaja.

Ni mimi,
Awuor

*

Siaya
23 Machi 2025

Awuor,

Tuko wazima. Simba anakua. Leo nina foleni ya chanjo hadi barabarani, kwa hivyo sitaandika mengi.

Huu si mradi wa shule.

Aliyelala tu, ukimkuna wayo anavuta mguu. Ukimwinua ananuna, anatafuta ziwa au shuka. Aliyezidiwa na dawa analegea mikononi kama nguo iliyolowa. Unamwita, unamsugua kifua, hanung'uniki. Pumzi zinachelewana, midomo inabadilika rangi. Ukiona hivyo usikae kusubiri aamke. Mbebe hospitali na ubebe chupa. Hilo la chupa ulishike, kwa sababu daktari hawezi kutibu asichoambiwa, na watu wetu wakifika pale husema ni malaria.

Kuhusu maji sijakuelewa. Nani anaongeza maji, na kwenye nini?

Mimi na mama yako tuna jambo letu. Si la kuandikwa kwenye barua ya mtoto. Niandikie ukweli, nami sitapiga simu kabla hujaniruhusu.

Perez

*

Mukuru kwa Reuben
8 Aprili 2025

Mpendwa Shangazi,

Salamu kutoka kwa Odera. Tumefunga shule jana. Mama ana mafua lakini anafanya kazi. Barua yako ilikaa kwa Mama Eve siku kumi kwa sababu alikuwa hospitali na shinikizo la damu. Sasa yuko sawa na kesho anasafiri, kwa hivyo ninaandika haraka.

Ni watoto. Wanapewa dawa saa tatu asubuhi baada ya uji, wanalala hadi saa nane. Si wote. Ni wale wanaolia sana. Dawa iko kwenye chupa ya rangi ya chungwa juu ya kabati, na kipimo ni kifuniko cha soda kilichonyooshwa kidogo kwa koleo. Chupa ni ile ile siku zote, lakini ndani yake huwa kuna chochote alichonacho mtu wa duka la dawa: wiki hii piritoni, wiki ile promethazini. Mwezi wa kwanza alimwambia Mama kuna vidonge vya kusaga ambavyo ni rahisi zaidi. Mama alisema atafikiria. Ndiyo maana nilikuuliza zote tatu. Nilitaka kujua ile mbaya kidogo ili nimwombe Mama atumie hiyo.

Anayemimina ni mimi; siku za shule naacha nimepima kwenye vikombe. Tangu likizo ya Agosti mwaka jana. Mama alisema nina mkono usiotetemeka.

Usimchukie. Huwezi kumwona anavyowaogesha mmoja mmoja wale wanaoletwa wakiwa na mkojo wa usiku. Akina mama wenyewe wanajua, nadhani. Hawaulizi. Wanawapokea watoto wametulia, wanasema, "Ubarikiwe, Mama Awuor," wanaondoka.

Sasa kuhusu maji. Uliposema promethazini si ya mtoto mdogo niliogopa, lakini sikuweza kumwambia Mama. Nilijaribu. Nilisimama nyuma yake akiosha vyombo nikasema, "Mama," akasema, "Mm?" nikasema, "Sabuni imeisha." Kwa hivyo tangu mwezi wa pili nimekuwa nikimwaga nusu ya dawa chooni na kujaza maji ya kuchemsha. Nilifurahi. Nilidhani nimepata njia ambayo haimuumizi mtu.

Lakini watoto walianza kuamka saa tano. Mama akasema dawa za siku hizi ni za uongo, zinatengenezwa vichochoroni. Sasa anasema nipime vifuniko viwili. Ni sawa, sivyo? Viwili vyenye maji ni kama kimoja cha zamani. Nimepiga hesabu.

Unaweza kunijibu haraka? Bado usipige simu. Akijua nimekuandikia wewe, na si mtu mwingine, sijui nitamwangaliaje.

Awuor

*

Siaya
13 Aprili 2025, Jumapili ya Matawi

Mwanangu,

Sina salamu leo. Nimetoka kanisani kabla ya mahubiri.

Hesabu yako ni sahihi kwa chupa uliyoiongeza maji. Chupa mpya je? Mama yako amezoea kusema vifuniko viwili. Siku utakayokuwa umetumwa sokoni, atafungua mpya mwenyewe na kumimina viwili vya dawa kamili. Maji hayakumwondolea mtoto hatari. Yamemfundisha mama yako kipimo cha uongo. Mwambie leo, akiwa anaosha vyombo, akiwa analala, popote. Na usimimine tena, hata yenye maji, hata piritoni. Hakuna iliyo nyepesi vya kutosha kwa mtoto asiye mgonjwa.

Sasa jambo langu na mama yako. Tulipomleta baba yako kumzika, Odera alikuwa na miezi kumi na alilia ndani ya basi tangu tulipotoka Nairobi. Mimi ndiye niliyetoa promethazini mkobani. Nilimwambia mama yako, "Mpe kidogo, mimi ni muuguzi, najua." Odera akalala hadi nyumbani, na mama yako akapata saa sita za kumlilia mume wake. Alipofungua malezi alinipigia simu kuuliza jina la ile dawa. Nilimtumia chupa. Ya rangi ya chungwa. Alipoomba ya tatu ndipo nikaelewa, nikamtukana kwa maneno ambayo muuguzi hapaswi kumwambia mtu aliyemfundisha mwenyewe. Hatujazungumza tangu siku hiyo. Sikumwambia mtu mwingine kwa sababu ningeulizwa chupa ya kwanza ilitoka wapi.

Jana nilishika simu mara tatu nikaiweka chini. Nilijiambia ni kwa sababu uliniomba nisipige. Si kwa sababu hiyo.

Mama Eve anaondoka kesho. Ukipata hii, msomee mama yako yote.

Perez

*

Mukuru kwa Reuben
3 Mei 2025

Mpendwa Shangazi,

Nakusalimu. Mimi na Odera tuko salama, na Mama anakusalimu mwenyewe, ameniambia niandike hivyo. Uliniomba kwenye simu nikuandikie mambo yote kwa mpangilio, kwa sababu siku ile nililia tu hukunielewa.

Barua yako haikufika kwa wakati. Mama Eve alibaki huko hadi Pasaka ikapita, kwa mazishi ya jirani. Nilikuwa nikienda mlangoni kwake kila siku na kukuta kufuli.

Alhamisi tarehe ishirini na nne Mama alinituma kununua mkaa na sukuma wiki. Chupa ilikuwa imeisha jana yake. Niliporudi saa nne watoto walikuwa wamelala, na juu ya kabati chupa ya chungwa ilikuwa imejaa, kando yake kasha tupu la promethazini. Nikamwuliza Mama, "Umempa nani?" Akasema, "Aqil na wale mapacha. Mbona unahema?" Nikamwuliza, "Vingapi?" Akasema, "Si viwili, kama kawaida?"

Ningeweza kusema wakati huo. Nataka ulijue hilo, kwa sababu Mama, kwa kunikinga, hakumwambia daktari kwamba nilijua mapema. Nilisimama na sukuma wiki mkononi nikasema, "Sawa." Nilikaa kando ya godoro nikihesabu pumzi kwa karibu saa mbili. Mapacha wana miaka mitatu. Nilikuna nyayo zao wakavuta miguu. Aqil alivuta mara ya kwanza. Saa sita kasoro hakuvuta. Nilimwinua akawa mikononi mwangu kama ulivyoandika, kama nguo iliyolowa, na midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu.

Nilipiga kelele. Sijawahi kupiga kelele maishani mwangu, hata Mama hakujua ni mimi. Watoto wote wakaamka wakaanza kulia, isipokuwa yeye.

Jirani akabaki na watoto. Mama akambeba Aqil, tukapanda bodaboda. Njiani akaniambia sikioni, "Tutasema ni malaria. Awuor, unanisikia? Alikuwa na homa tangu asubuhi. Wakijua watafunga, na sisi tutaenda wapi?" Alikuwa akimpuliza mtoto usoni wakati huo huo, akimwambia, "Baba, amka. Amka, baba yangu."

Chupa ilikuwa ndani ya sweta langu. Niliichukua kabla hata ya viatu. Nilikwenda hospitali na ndara zisizofanana.

Daktari alikuwa dada kijana. Aliuliza, "Amepewa nini?" Mama akasema homa ilianza asubuhi. Daktari akauliza tena. Nilitoa chupa nikaiweka mezani. Nikasema, "Promethazini. Vifuniko viwili vya soda, saa tatu asubuhi. Haikuongezwa maji. Ilikuwa inaongezwa maji kila mara, niliongeza mimi, na Mama hakujua." Sauti yangu ilikuwa ndogo sana, akaniambia nirudie. Nikarudia.

Mama alinitazama. Si kwa hasira. Ni kama alikuwa akipiga ile hesabu.

Lela alifika kutoka kiwandani na kofia ya kazi bado kichwani. Muuguzi akamweleza. Nilidhani atanipiga. Alikaa chini sakafuni akasema, "Na mimi nilimpa piritoni kabla ya kumleta. Kila siku nampa. Nilimwahidi Mama Awuor kwamba hatamsikia." Daktari akaandika hilo pia. Alisema baadaye kwamba bila sisi wawili angekuwa anatibu ugonjwa mwingine kabisa.

Walimwekea oksijeni wakakaa naye. Saa kumi na mbili jioni alilia. Alilia vibaya, kwa sauti iliyokwaruza, na watu wa kitanda cha pili wakalalamika. Mimi nililala kwenye benchi nikasikiliza. Alitoka baada ya siku mbili. Anatembea, anauma watu kama zamani. Daktari alisema lazima awaandikie watu wa afya ya watoto, na watakuja kutuona wiki ijayo. Mama hajui watasema nini. Mimi pia sijui.

Ijumaa jioni Mama Eve alirudi na barua yako. Nilimsomea Mama yote, hata pale ulipotoka kanisani. Nilipofika kwenye lile basi na Odera, Mama alisema, "Soma hapo tena." Nikasoma. Kisha akaniambia nimpe simu yake. Mliyozungumza mnayajua ninyi. Mimi nilimtoa Odera nje, tukahesabu mbuzi wa jirani, ni wawili tu, tukawahesabu mara nyingi.

Nalifikiria sana hili, Shangazi: wewe ungeweza kupiga simu, nami ningeweza kusema, na Mama angeweza kuuliza, na Lela angeweza kueleza. Sikulaumu. Ninaliandika tu kwa sababu nimechoka kuwa mtu pekee anayelifikiria.

Nilichofanya baada ya hapo ni hiki. Jumamosi niliamka saa kumi na moja nikasimama mlangoni na Mama. Kila mama aliyekuja na mtoto nilimweleza tulichokuwa tukiwapa, tangu lini, na kwamba hatutawapa tena, kwa hivyo watalia na mwenye nyumba huenda akatufukuza. Nilimwomba kila mmoja aniambie kama naye alimpa mtoto chochote nyumbani. Wanne walisema ndiyo. Mmoja alinitemea mate kwenye kiatu. Watoto kumi na mmoja walirudishwa na mama zao. Saba walibaki kwa sababu mama zao hawakuwa na pengine pa kuwaacha. Saa tatu, baada ya uji, walianza kulia. Nilimfunga mmoja mgongoni, Mama akafunga mwingine, tukatoka nao nje, tukazunguka nyumba hadi jua likawa juu ya vichwa vyetu.

Ni mimi,
Awuor